Malezi Baada ya Talaka: Masurufu na Ziara (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi Baraza la Usuluhishi wa Ndoa lipasavyo kusikiliza shauri la mume na mke kabla mahakama haijapokea ombi la talaka. Leo twaingia katika jambo ambalo talaka haina uwezo wa kulikata, nalo ni wajibu wa baba na mama juu ya watoto waliowazaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, huyatanguliza maslahi ya mtoto mbele ya haja nyingine zote wakati wa kuamua hadhana, yaani nani akae na mtoto na kumlea, kisha humtaka hakimu atazame matakwa ya wazazi, kauli ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa heri yake iko kwa mama, ingawa dhana hiyo yaweza kutenguliwa kwa ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo humruhusu mzazi, mlezi au jamaa aliyekuwa akimtunza mtoto kuomba mahakamani apewe nafasi ya kumwona. Kadhalika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani na visiwani, humtanguliza mama hadi mtoto apate kupambanua mambo, umri ukadiriwao kuwa miaka 7, ndipo mtoto mwenyewe huulizwa amchague amtakaye.

Hata hivyo, hukumu iliyo njema kabisa hutaja mtoto atakaa kwa nani tu. Amani yake ya kila siku hutengenezwa na wazazi wenyewe. Na kinachoiharibu aghalabu ni kimoja: mama humzuia baba asimwone mtoto kwa sababu hakuleta masurufu, na baba huyazuia masurufu kwa sababu hakumwona mtoto, kila mmoja akijiona ana haki, hali mtoto amekwisha kufanywa rehani baina yao. Masurufu ni haki ya mtoto, na ziara ni haki ya mtoto. Wala moja haikuwekwa iwe malipo ya nyingine. Asiyepewa masurufu na aombe amri ya mahakama, na azuiliwaye kumwona mwanawe na afanye vivyo hivyo, lakini mlango usifungwe wala mkono usikunjwe wakati shauri likingojea kusikilizwa.

Katika masurufu, mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, gharama za maisha mahali mtoto aishipo, na watoto wengine wanaowategemea. Wazazi wapatanao waweza kufuata mizani hiyo hiyo bila ya kwenda mahakamani: wakubaliane kiasi na tarehe, fedha zitumwe kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na sare na madaftari yanunuliwe na yule aliyetajwa katika mapatano. Katika ziara, siku na mahali pa kukabidhiana vijulikane mapema, kwa mfano shuleni Ijumaa au nyumbani kwa bibi, ambako hasira haipati nafasi ya kuzuka mlangoni.

Tena ndani ya mkoba wa mtoto pawe na daftari moja la nyumba mbili. Mama aandike: “Baba Salima, homa ilianza jana usiku; dawa amekunywa saa 6 mchana, nyingine apewe saa 12 jioni; hesabu za shule hazijaisha.” Maneno hayo hayana lawama, na humwepusha mtoto na kazi isiyo yake ya kuwa tarishi.

Kazi iliyo nzito zaidi kwake ni ya kuwa shahidi. Mtoto wa miaka 6 arudipo jioni ya Jumapili, kabla hajavua viatu huulizwa: mama wa kambo kakupikia nini, kakugombeza, baba kanisema vipi? Naye, kwa kuwa ataka kumpendeza amwulizaye, hujifunza kwamba habari mbaya ndizo zisikilizwazo, akazileta huku na akazipeleka kule, hata ugomvi ukapata kuni mpya kutoka katika kinywa kisicho na hatia. Aulizwe kama ameshiba na kama amelala vyema, kisha aachwe acheze.

Hayo yote yawahusu wazazi wasiodhuriana. Palipokuwa na kipigo au vitisho, asishurutishwe mtu kukutana uso kwa uso na aliyemdhulumu. Ofisa wa ustawi wa jamii ashirikishwe, na ziara ifanyike mbele ya mtu mzima aaminiwaye, au isimamishwe kwa amri ya mahakama ikiwa usalama wa mtoto wataka hivyo.

Katika makala ijayo, inshallah, tutaeleza la kufanya mzazi mmoja ahamiapo mji wa mbali, na jinsi mapatano yanavyostahili kuandikwa upya kadiri mtoto akuavyo.