Kishikwambi cha Mtumba: Kifute Kabla ya Kulipa

Mwaka jana nilimnunulia binti yangu kishikwambi cha mtumba. Kiliwaka vizuri, nikalipa. Nyumbani nilipokifuta ili aanze upya, kikadai neno la siri la mwenyewe wa zamani. Muuzaji sikumwona tena.

Basi jifunze kwangu. Kabla ya kutoa fedha, muuzaji aondoe akaunti yake, kisha akifute chote mbele yako. Kikiwaka bila kudai akaunti ya mtu, kufuli limeondoka. Kama kinatumia laini, hapa Tanzania tuma tarakimu zake 15 za IMEI kwenda 15090. Ukijibiwa aina nyingine, achana nacho. Dai pia risiti yenye tarakimu hizo. Mali ya wizi hurudi kwa mwenyewe. Wewe hubaki ukitoa maelezo polisi.