Mabingwa wa Ndani ya Yai: Nani Kaamua Kwanza, Nani Kagoma Kubadilika?

Kuku huatamia siku 21. Mashindano yenyewe lakini huanza kabla hata hajalikalia yai: kila seli lazima ifikie uamuzi wa itakuwa nini maishani, na ikishafunga uamuzi huo hairudi nyuma. Washindi ni hawa.

1. Umati mkubwa wa wasio na msimamo

Yai lenye mbegu linapotagwa, lile doa jeupe juu ya kiini cha njano, dogo kuliko punje ya hindi, huweza kuwa na seli zipatazo 60,000. Jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa mpaka kiti cha mwisho: ndio hao. Na karibu wote hawajajipangia kama watakuwa ubongo, damu au kucha.

2. Aliyewahi kuliko wote

Karibu wote, si wote. Seli 30 hivi zimekwishatengwa ziwe chimbuko la mayai au mbegu za kiume. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2000 jinsi walivyozifuatilia kwa protini ya jeni iitwayo vasa, ambayo mama huiweka ndani ya yai kabla halijaanza kugawanyika. Thelathini kati ya 60,000! Pale uwanjani ni timu mbili, waamuzi na wachache wa benchi. Hizo hizo hushika pia rekodi ya safari: husogea hadi mbele ya kichwa, huingia kwenye damu, kisha hushukia zinapojengwa tezi za uzazi.

3. Uamuzi wa kizunguzungu

Kichwa huku au mkia huku? Hilo huamuliwa yai likiwa bado tumboni mwa kuku, ganda likijengwa, nalo likizungushwa mara 10 hadi 12 kwa saa. Doa hukaa limeinama, na ukingo wake wa juu ndio huwa upande wa mkia.

4. Kigeugeu namba moja

Hata hivyo, mambo hayajafungwa. Mwaka 1960 Nelson Spratt na Hermann Haas, huko Marekani, walilikatakata doa hilo. Badala ya kufa, vipande vilijipanga upya, kila kimoja kikaanza kiinitete chake. Doa moja laweza kutoa hadi vinane! Ruhusa hiyo huisha pale mfereji wa kwanza wa mwili unapojichora, saa chache tu baada ya yai kupata joto.

5. Saa isiyochelewa

Kila dakika 90, jozi moja ya pingili za mgongo hukatwa na kuwekwa mahali pake. Ni Simba na Yanga mwanzo hadi mwisho, ukiondoa mapumziko na dakika za nyongeza. Mwaka 1997 kundi la Olivier Pourquié, Ufaransa, lilionyesha jeni inayowaka na kuzimika kwa mdundo huohuo.

6. Wakaidi

Hapa ushindani ni mkali, na mimi nimegawa medali mbili.

Fedha inakwenda kwa paja. Miaka ya 1950 John Saunders na wenzake walichukua nyama changa ya paja la kiinitete wakaipachika kwenye ncha ya bawa linaloota. Haikuwa bawa. Haikuwa paja pia: ilitoa vidole vya mguu, na kucha zake! Seli zilishaapa kuwa mguu, ila sehemu gani ya mguu zilikubali kupangiwa na jirani.

Dhahabu, bila ubishi, ni ya mdomo. Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms walibadilishana seli za kichwani kati ya kware na bata, zile zinazochipuka kwenye ukingo wa neva. Bata akaota mdomo mfupi wa kware. Kware akaota mdomo wa bata. Hata ratiba hazikuibadili: kware huanguliwa kwa siku 17 hivi, bata kwa 28, na seli za kware ndani ya bata ziliendelea kukimbia kwa mwendo wa kware, zikiiburuza na ngozi ya mwenyeji.