Elimu ya Bure kwa Shilingi Milioni 1.8

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, na hizo ndizo habari zinazomfikia kwanza kijana wa Kenya aliyemaliza kidato cha nne. Za pili humpata akianza kushughulikia viza: anatakiwa aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo akishafika ataruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Tukichukua euro moja kwa shilingi 150, hizo ni shilingi 1,785,600.

Kwa haki, pesa hizo si ada. Ni za mwanafunzi mwenyewe, na atazila huko huko. Ila mzazi aliyeuza kipande cha shamba haoni tofauti hiyo, na pia yuko mikononi mwa soko la fedha. Mwanzoni mwa 2024 kiwango kilichotakiwa kilikuwa euro 11,208, yaani pungufu ya cha sasa. Wakati huo shilingi ilikuwa imedhoofika hadi dola moja ikafika 160 na euro ikapita 170, hivyo familia zilizolipa kipindi hicho zilitoa karibu shilingi milioni 1.95. Ujerumani ilipopandisha kiwango Septemba mwaka huo, shilingi ilikuwa imeshapata nguvu, na Mkenya akajikuta akilipa euro nyingi zaidi kwa shilingi chache zaidi. Miezi michache ya kusubiri au kuharakisha ilikuwa na thamani ya mabati ya nyumba nzima.

Sasa tazama upande wa nyumbani. Tuseme, kwa mfano tu, kozi ya chuo kikuu cha umma Kenya inagharimu shilingi 240,000 kwa mwaka. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, familia iliyowekwa daraja la tano, lile la kipato cha juu, huchangia asilimia 40, yaani 96,000. Ile ya daraja la kwanza huchangia asilimia 5, yaani 12,000. Kinachobaki ni ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao kijana atadaiwa baadaye. Pesa za mwaka mmoja wa Ujerumani zingelipa mchango wa familia ya daraja la tano kwa miaka 18. Kwa ile ya daraja la kwanza, tusihesabu.

Na huo ni mwaka mmoja tu wa Ujerumani. Wenye cheti cha kidato cha nne (KCSE) peke yake mara nyingi hupitishwa kwanza Studienkolleg, kozi ya maandalizi ya chuo kikuu, kwa kawaida mwaka mzima, ndipo waanze shahada ya miaka mitatu. Kibali cha kuishi kikikaribia kuisha, ofisi ya wageni itauliza tena mwanafunzi anaishi kwa pesa gani. Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba atafanya kazi. Kwenye karatasi inawezekana kabisa. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kwa saa nane kwa siku hizo ni saa 1,120, na kwa kima cha chini cha euro 13.90 kwa saa, kilichoanza Januari 2026, zinafika euro 15,568. Zinapita kiwango cha akaunti.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inamtaka mtu apate kazi wiki ya kwanza, asiugue, asiwe na mitihani, na aelewe Kijerumani cha msimamizi wa ghala. Pia haisemi anaishi wapi. Serikali ya Ujerumani humkadiria mwanafunzi wake inayemsaidia euro 380 za chumba kwa mwezi. München, chumba kwenye nyumba ya kushirikiana kinaweza kufika euro 800, na kwenye euro 992 hapo zimebaki 192, na bima ya afya haijalipwa. Miji ya mashariki kama Chemnitz ni nafuu zaidi. Kwa maoni yangu, jina la mji linafaa kuchaguliwa kabla ya jina la chuo.

Tarakimu nyingine ya kuangaliwa kwa jicho kali ni 250,000. Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamaji jijini Berlin Septemba 2024, zilienea habari kwamba nafasi za kazi robo milioni zimefunguliwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Wakenya wote waliokuwa wakiishi nchi ile walikuwa karibu 15,000.

Njia ninayoiona ina hesabu nzuri zaidi ni Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi hulipwa. Mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya umma alipata takriban euro 1,340 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza kwa viwango vya 2024, kabla ya makato. Hizo ni shilingi 201,000. Mwaka huo huo madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na moja ya hoja ilikuwa mshahara wa daktari mwanagenzi: makubaliano ya 2017 yalisema 206,400, serikali ikataka 70,000. Mtu aliyesomea udaktari miaka sita alikuwa anapigania karibu kiasi kile kile anachopewa mwanafunzi wa uuguzi ambaye hajamaliza muhula wa kwanza. Mlango wa njia hii ni lugha, kiwango cha B1 au B2, na hiyo inalipiwa na kusomwa Nairobi kabla ya senti moja kuingia.

Ila 1,340 hazifiki mfukoni zote. Michango ya bima na pensheni huchukua karibu moja ya tano, zikabaki kama euro 1,050. Toa chumba 400, chakula 200, nauli, simu, nguo za baridi, na ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi, inayodaiwa kila nyumba hata isiyo na televisheni. Akijibana sana atatuma nyumbani euro 100. Ni chini ya sehemu ya kumi ya mshahara wake, na zikitua kwenye M-Pesa ni shilingi 15,000, wakati kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi ni zaidi kidogo ya 16,000. Ndiyo maana mwezi unaofuata ataulizwa kwa nini hakutuma mara mbili.