Gogo Lisilo na Kumbukumbu ni Kuni

Karibu na mji wa Hodgenville, jimboni Kentucky, Marekani, kuna jengo la ukumbusho lenye nguzo ndefu na ngazi ya vidato 56, kimoja kwa kila mwaka wa uhai wa Abraham Lincoln. Ndani yake kimo kibanda cha magogo, na kwa miongo mingi wageni walikitazama wakiamini kwamba humo ndimo alimozaliwa rais huyo tarehe 12 Februari 1809. Mwaka 2004 wataalamu walichukua sampuli za magogo hayo wakasoma pete za ukuaji. Mti huongeza pete moja kila mwaka, pana mvua zikiwa za kutosha, nyembamba ukame ukizidi, na mpangilio huo ndio unaofichua umri wa gogo. Hawakupata gogo lililotokana na mti uliokatwa kabla ya miaka ya 1840. Wakati huo Lincoln alikuwa mtu mzima, wakili huko Illinois.

Safari za magogo hayo zinaeleza mengi. Kibanda kilibomolewa miaka ya 1890, na mwaka 1897 kikapelekwa Nashville kwenye maonyesho ya kuadhimisha miaka mia ya jimbo la Tennessee. Hapo kilionyeshwa pamoja na kibanda kingine kilichodaiwa kuwa cha Jefferson Davis, rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani. Baadaye magogo ya vibanda vyote viwili yalisafirishwa na kuwekwa ghalani, yakachanganyika. Jengo la ukumbusho, lililosanifiwa na John Russell Pope, lilipokamilika mwaka 1911, kibanda kilipunguzwa ukubwa ili wageni wapate pa kupita. Leo idara ya hifadhi za taifa ya Marekani inakitambulisha kuwa kibanda cha ishara tu, na inastahili pongezi kwa kusema hivyo waziwazi.

Kwa sisi tunaohifadhi majengo ya kale, hilo ndilo somo kuu. Nyumba ya magogo huhamishwa pamoja na taarifa zake. Taarifa zikipotea njiani, kinachofika ni kuni.

Hatari inatokana na wepesi wa nyumba zenyewe kubomolewa. Ujenzi huu uliletwa katika bonde la mto Delaware na walowezi wa Kiswidi na Kifini kuanzia mwaka 1638, ukaenea magharibi pamoja na wahamiaji waliokuwa na shoka na misitu mingi lakini misumari michache. Magogo hulazwa moja juu ya jingine na kushikana pembeni kwa mapengo yaliyochongwa. Watu wachache wenye nguvu wanaweza kuishusha nyumba nzima kwa muda mfupi, na hapo ndipo haraka inapoharibu.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya gogo la kwanza kuguswa. Kila ukuta hupigwa picha nje na ndani, huchorwa kwa vipimo, na uelekeo wa mlango huandikwa. Kisha kila gogo hupewa kibati chenye alama iliyogongwa: K4, kwa mfano, ni gogo la nne kutoka chini katika ukuta wa kaskazini. Alama hiyohiyo huandikwa kwenye mchoro. Kibati ni cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa karatasi huoza, wino hufifia, na magogo yanaweza kukaa ghalani miaka kadhaa fedha zikitafutwa.

Tazama pembe moja kwa karibu utaona kwa nini K4 haiwezi kukaa mahali pa K5. Fundi alichonga kila pengo kwa kufuata mgongo wa gogo lililo chini yake, akaliinamisha kidogo ili maji ya mvua yatiririkie nje. Ukibadilisha magogo, pembe itacheza, maji yataingia kwenye kiungo, na uozo utaanzia palepale.

Kati ya magogo kuna kandiko: udongo, chokaa, nyasi au manyoya ya wanyama, juu ya vipande vya mawe au mbao vilivyoshindiliwa. Hilo haliwezi kuhamishwa likiwa zima. Basi sampuli huchukuliwa na kuchunguzwa, ili kandiko jipya lifuate mchanganyiko wa zamani. Saruji ya kisasa haifai, kwani ni ngumu kuliko mti na hufungia unyevu ndani.

Magogo ya chini kabisa ndiyo huoza kwanza. Kuvu hushambulia mti ambao unyevu wake unapita takriban asilimia 20, ndiyo maana nyumba huinuliwa juu ya msingi wa mawe. Sehemu iliyooza tu hukatwa, ikaungwa kipande cha mti wa jamii ileile, na mwaka wa matengenezo huchongwa upande usioonekana. Wakati mwingine mti wa jamii ileile haupatikani. Michestnati ya Marekani iliangamizwa na kuvu waliogunduliwa New York mwaka 1904, na gogo kubwa la mti huo leo halina mbadala msituni.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unasema kwamba jengo la kihistoria halitenganishwi na mahali pake, isipokuwa kulinda uhai wake kukilazimu. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Kisima, njia na kivuli cha mti vilivyozunguka nyumba havibebwi kwa lori, na picha na ramani zake ndizo pekee zitakazosafiri.

Katika Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam, nyumba za asili za udongo na nyasi zilijengwa hapo hapo kwa mitindo ya makabila mbalimbali, na kinachorithishwa ni ufundi. Nyumba ya magogo hubeba ushahidi ndani ya mti wenyewe, na kwa hiyo inadai uaminifu wa namna nyingine. Bango la mlangoni linapaswa kueleza imetoka wapi, lini, magogo yapi ni ya asili na yapi yamewekwa baadaye. Mgeni ana haki ya kuuliza hayo, na makumbusho yaliyotunza daftari lake yatamjibu bila kusita.