Je, Wajua? Bingwa wa ping-pong anayecheza akiwa ameketi

Bhavina Patel wa Gujarat, India, alipata polio akiwa na mwaka mmoja tu. Ping-pong alijifunzia Ahmedabad, kwenye kituo cha watu wasioona alikokwenda kusomea kompyuta. Katika Paralimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alimtoa Borislava Perić-Ranković wa Serbia, bingwa wa Rio 2016, kisha Zhang Miao wa China. Kwenye fainali alishindwa na Zhou Ying, pia wa China, lakini medali yake ya fedha ndiyo ya kwanza ya India ya ping-pong katika Paralimpiki. Fedha ya heshima kubwa! Mwaka 2022 akatwaa dhahabu Birmingham, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Wazazi wa maeneo ya Baraka na Fizi, watoa matone ya chanjo ya polio wakipita, waiteni watoto wote. Na aliyekwisha kulemaa, mpeni naye nafasi ya kucheza.