Madini Joto ya Mama na Ubongo wa Mtoto

Kwa muda mrefu upungufu wa madini joto, ambayo wataalamu huyaita ayodini, umetambuliwa kwa rovu, yaani uvimbe wa shingo uliokuwa umeenea katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba pasipo rovu hapana tatizo. Imani hiyo haina msingi, kwani madhara makubwa zaidi humpata mtoto aliye tumboni, na huweza kutokea ilhali shingo ya mama haina dalili yoyote.

Madini hayo hutumiwa na tezi dundumio, iliyo mbele ya koo, kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa ubongo. Kwa kuwa tezi ya mtoto huanza kazi kuelekea wiki ya 12 ya ujauzito, naye hutegemea homoni za mama hadi hapo, tezi ya mama hulazimika kuzidisha uzalishaji kwa takriban nusu, huku figo zake zikipoteza madini mengi zaidi kwa njia ya mkojo. Baada ya kujifungua, sehemu ya madini yaliyo katika damu ya mama huingia katika maziwa, na mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hana chanzo kingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha, ilhali watu wazima wengine hutosheka na 150.

Hapo ndipo hesabu ya chumvi iliyoongezwa madini hayo inapokuwa ngumu. Gramu 5 za chumvi, kiwango ambacho shirika hilo linashauri kisifikiwe kwa siku, zikiwa na miligramu 30 za ayodini kwa kilo, humpa mama mikrogramu 150, na zikiwa na miligramu 15 humpa 75 tu. Kuongeza chumvi si dawa, kwa sababu ya shinikizo la damu. Pengo hilo huzibwa na samaki wa baharini, mayai na maziwa, vyakula ambavyo, kwa bahati mbaya, ni ghali kwa kaya nyingi. Kuishi pwani nako si kinga, kwani upungufu umewahi kubainika hata Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari, ambako chumvi iliyotumika majumbani haikuwa imeongezwa madini hayo. Mihogo michungu isiyoondolewa sumu vizuri huzidisha tatizo, kwa kuwa mabaki yake huizuia tezi kunyonya ayodini.

Vidonge vya kawaida vya madini chuma na asidi ya foliki vitolewavyo kliniki havina madini joto, na wajawazito wengi hufika huko wiki 12 zikiwa zimekwisha kupita. Kwa hiyo chumvi yenye madini joto, iliyohifadhiwa katika chombo chenye mfuniko mbali na jua na unyevu, inapaswa kuwamo jikoni kabla mimba haijatungwa.