Majeraha Yasiyo na Hospitali

Jioni moja darasani kwetu hapa Moshi niliandika ubaoni sentensi niliyoitunga kwa mtindo wa taarifa za ajali: "All four passengers sustained fatal injuries." Kijana mmoja wa Machame, aliyebeba mizigo mlimani Kilimanjaro miaka kadhaa akiwa mgumu, yaani mpagazi, na sasa anajiandaa kuongoza wageni, akaifasiri bila kusita: abiria wote wanne walipata majeraha mabaya. Kisha akauliza, "Mwalimu, walilazwa hospitali ya KCMC au walipelekwa Nairobi?"

Hawakulazwa popote. Walikufa.

Tangu siku ile huwaambia wanaotaka Kiingereza cha ofisini waweke pembeni vitabu vya barua za kuomba kazi, wasome taarifa za ajali za ndege ndogo. Najua ni somo zito. Huku kwetu helikopta ya uokoaji ikipita juu ya migomba kuelekea kilele cha Kibo, watu huacha jembe na kutazama juu, maana anayefuatwa huko anaweza kuwa mtoto wa jirani. Lakini uzito huohuo ndio unaomfanya mwandishi apime kila neno. Ndege kubwa ikianguka, habari hujaa siasa na vilio kwa wiki nzima. Cessna hupewa aya nne au tano, na ndani yake hamna nafasi ya mapambo.

Tuchukue iliyo karibu nasi. Novemba 8, 2008, Cessna 206 ilianguka Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro. Watalii wanne kutoka Italia walifariki, rubani akanusurika. Huwapa wanafunzi habari hiyo kwa Kiswahili na kuwataka waiandike kwa Kiingereza. Wengi huanza: "A small plane fell down." Kosa hili tumelirithi kwa mama. Kwetu embe huanguka, mtoto huanguka, serikali huanguka na ndege huanguka, vyote kwa kitenzi kimoja. Mwingereza hutenga: embe "fell", ndege "crashed".

Kwenye nyakati, kwa upande mwingine, Kiswahili kinatubeba. Sentensi ya kwanza ya habari motomoto hutumia -me-: watu wanne wamefariki dunia. Zinazofuata hushuka kwenye -li-: ndege iliruka, iligonga. Kiingereza hufuata ngazi ileile, "have died" kwanza, kisha "took off" na "struck". Tahadhari ni moja tu. Sisi husema "amefariki jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza rasmi hakikubali "has died yesterday". Ukishaitaja siku, unahamia "died".

Sasa turudi kwa majeraha yale. Msamiati huu umewekewa mipaka na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago. Jeraha huitwa "fatal" likimuua mtu ndani ya siku 30 tangu ajali. Huitwa "serious" kwa vigezo kadhaa, kimojawapo kikiwa kulazwa kwa zaidi ya saa 48, mradi kulazwa huko kumeanza ndani ya siku saba. Kwa hiyo "serious" si neno la huruma, ni kipimo. Hata "accident" ina masharti yake: mtu afe au aumie vibaya, au ndege iharibike sana, au isionekane kabisa. Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotarajiwa uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ilitua uwanja wa Arusha, wenye njia fupi mno kwa ndege ya ukubwa ule. Mji mzima ulikwenda kushangaa. Hakuna aliyeumia, na kwa kipimo hicho lile ni "incident", yaani tukio.

Neno linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko yote ni "allegedly". Magazeti yetu yana "inadaiwa" ya kila kitu: inadaiwa kaiba, inadaiwa kulikuwa na ukungu. Wanafunzi huibeba nzima nzima na kuandika "there was allegedly fog". Lakini "allegedly" hunusa kesi. Humfaa mtu anayetuhumiwa, na ukungu haujawahi kupelekwa polisi. Ukungu ulioonwa na wanakijiji tu ni "reportedly". Jambo ambalo wakubwa wanalikisia bila kulitangaza huja na "is believed to". Likishahakikishwa, "confirmed". Mwanafunzi akizoea vidaraja hivi hata barua yake ya kawaida hubadilika, maana sasa kabla ya kuandika hujiuliza: hili nimeliona, nimeambiwa, au ninalidhania?

Kiambatisho hichohicho kinasema shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Ndiyo maana taarifa za awali zimejaa vitenzi visivyo na mtenda: "was damaged", "was destroyed". Hapo Mswahili hana haja ya kuogopa, kauli ya kutendeka ameinyonya utotoni. Sahani imevunjika, shangazi. Nani kaivunja? Imevunjika tu. Mimi binafsi naipenda kauli hii uchunguzi ukiwa unaendelea, na naichukia ikiendelea kutumika baada ya ukweli kujulikana. Mkubwa anayesema makosa yalifanyika wakati mkosaji anafahamika amegeuza sarufi kuwa pango.

Kijana wetu wa Machame aliitumia kauli hiyo vizuri zaidi. Hema la mgeni lilivunjika nguzo kambini Barranco, usiku wa upepo mkali, na bosi wake akataka maelezo kwa maandishi kabla ya kuamua kama amkate posho. Alikuja na rasimu tukakaa nayo nje ya darasa, chai ikipoa. Ilianza kwa "I am very sorry", ikafuata "the wind allegedly broke the tent", na mwisho akaomba bosi aelewe "the damages". Nikamweleza kuwa "damage" ni uharibifu, ila ukiiongezea s ile inakuwa fidia ya mahakamani, na sidhani kama alikusudia kumdai bosi wake. Akacheka, akafuta, akaandika upya:

"At about 2 a.m. the tent sustained damage to one pole in strong wind. No injuries were reported. The pole has been replaced."

Akaisoma mara mbili kwa sauti, kisha akauliza kama ile "reported" ni lazima, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndani ya hema la jirani na aliwaona wote wazima.

Nikampa kalamu aikate.